Nahamia nyumbani na kontena, kaka anataka mzigo wa duka lake upite kwa jina langu

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 41, naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nimekuwa huku miaka 11. Sasa nimepata kazi Dodoma, ya kufundisha wauguzi wanaohudumia wagonjwa mahututi. Mshahara wake haufiki nusu ya ninaoupata huku na nilijua hivyo tangu naomba. Nimeikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nikiiota. Natangulia mimi mwishoni mwa Aprili. Baba watoto anabaki na watoto mpaka shule zifungwe Julai, ndipo wanifuate.

Mwajiri wangu mpya ametoa fungu la kuhamisha vyombo, nasi tumelipia kontena la futi 20. Watu wa kampuni ya kusafirisha walituambia kwamba mtu anayerudi kuishi nyumbani husamehewa ushuru wa vitu vyake vya ndani. Habari hiyo ilitufurahisha, nikaiweka kwenye kundi la familia la WhatsApp pamoja na tarehe ya safari.

Kesho yake kaka yangu mkubwa akanipigia. Ana duka la vifaa vya umeme Morogoro. Amempata mtu Birmingham anayeuza luninga kwa bei ya jumla, na anataka luninga 14 mpya, pamoja na drili na mashine kadhaa za kuchomelea, ziletwe kwangu zipakiwe nyuma ya magodoro yetu. Alisema, "Mdogo wangu, kontena lako halilipi ushuru, na nafasi ipo. Kwa nini tuwape serikali hela ya bure?" Nikamwambia nitazungumza na shemeji yake kwanza, kisha nitamjibu.

Mama, naomba umwelewe kaka yangu kabla hujamhukumu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kaka aliacha chuo akaenda Kariakoo kuuza kwenye duka la mtu ili mimi nisome. Ada ya chuo cha uuguzi alilipa yeye. Nauli yangu ya kuja huku mara ya kwanza ilitokana na pikipiki aliyoiuza. Miaka yote hii hajawahi kunidai hata shilingi wala kunisimanga. Sasa biashara imeyumba, ana mkopo wa benki, na nasikia kwa wifi kwamba nyumba ndiyo dhamana. Hili ndilo ombi lake la kwanza kwangu tangu tumekuwa watu wazima.

Baba watoto hataki hata kulisikia. Anasema, "Wakilifungua, jina litakalosomwa ni lako," halafu ananyamaza, na kimya chake ni kizito kuliko maneno. Mama naye amenipigia: "Kaka yako alikubeba mgongoni, wewe unashindwa kumbebea maboksi?" Tangu siku ile silali vizuri.

Nina mambo mengine mawili madogo, niyataje nikiwa hapa. Tumenunua friji na makochi mapya kwa ajili ya nyumba ya Dodoma, bado yamo kwenye maboksi na nailoni zake. Na tunalo gari tulilonunua Agosti mwaka jana, kwa mkopo, limeandikishwa kwa jina la mume wangu. Nilikuwa nafikiri na lenyewe litaingia kwa msamaha wangu.

Wasafirishaji wanataka orodha ya vitu vyote, imesainiwa, mwisho wa mwezi huu. Nikikubali, naogopa. Nikikataa, nitakuwa nimerudi nyumbani kuishi na watu walioninunia. Nifanyeje, mama?

Mama Wawili, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu, na karibu nyumbani.

Nikuambie nilivyokuelewa. Unarudi kwa kazi uliyoichagua kwa mapenzi, na sheria inakupa nafuu ya kuhamisha nyumba yako. Kaka aliyekusomesha ameiona nafuu hiyo na anaomba imfikie naye, wakati ambao yeye mwenyewe amebanwa shingoni. Mumeo anaiona hatari, mama anaona utovu wa shukrani, na wewe peke yako ndiye unayeviona vyote viwili kwa pamoja. Si ajabu usingizi umekukimbia.

Naomba tuanze na ile sentensi ya kaka, "kontena lako halilipi ushuru", kwa kuwa mvutano wote umesimama juu yake na haiko sawa. Msamaha hautolewi kwa kontena. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, huitumia kama wenzao wa Kenya na Uganda wanavyoitumia, inasamehe vitu, na masharti yake yako kwenye Jedwali la Tano. Inamzungumzia mtu anayefika kwa mara ya kwanza, au mkaazi anayerejea, ambaye afisa wa forodha ameridhika kwamba kweli anahamisha makazi yake. Huyo anasamehewa nguo zake, na vitu vyake binafsi na vya nyumbani vya aina yoyote vilivyokuwa vikitumika kule alikokuwa akiishi. Jedwali hilohilo linasema pia visivyosamehewa: bidhaa za biashara, na vitu vya kuuzwa au vya kupewa watu wengine. Hata vitambaa vya jora vimetajwa kwamba havimo.

Kwa hiyo, mwanangu, kaka anaomba zaidi ya ile nafasi nyuma ya magodoro. Anaomba useme kwa saini yako kwamba luninga 14 zilikuwa zikitumika nyumbani kwako Leicester. Sidhani kama yeye analiona hivyo. Mtu akiwa na deni la benki na nyumba imewekwa dhamana, akisikia neno "msamaha" anasikia mlango umefunguka, haulizi umefunguliwa kwa ajili ya nani. Ndiyo maana nataka nikuulize: je, kaka amewahi kuelezwa masharti haya na mtu yeyote? Au amesikia tu ule ujumbe wa WhatsApp na maneno ya watu wa mjini? Katika barua yako sijaona mahali ambapo mmekaa mkalizungumza jambo lenyewe. Alikuomba, ukasema utamjibu, kisha mama akaingia, mume akanyamaza. Kila mtu anamjibu mwenzake kwa jambo ambalo halijaelezwa.

Tuangalie pia kiasi kinachozungumziwa, maana kaka ni mfanyabiashara na hesabu ndiyo lugha yake. Tuchukue kiwango cha ushuru wa forodha cha asilimia 25, ambacho ndicho kinachozigusa bidhaa nyingi zilizokamilika katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya. Mzigo ukithaminiwa shilingi 1,000,000 pamoja na nauli ya meli na bima, ushuru ni 250,000. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, inayopigwa kwenye thamani ikiwa na ushuru ndani yake, yaani kwenye 1,250,000. Hiyo ni 225,000 nyingine. Jumla 475,000, kabla ya tozo ndogondogo. Karibu nusu ya thamani ya mzigo. Hiki ndicho kaka anachotaka kuokoa, na kwa mtu aliyebanwa si kidogo. Ila pia inakuonyesha kwa nini maafisa wa forodha wanayatazama makontena ya wanaohama kwa jicho kali: wanajua nafuu hiyo inatamaniwa na wengi.

Sasa nikutembeze kwenye njia zilizo mbele yako, na hatari ya kila moja. Kuchagua ni kwako na mumeo.

Njia ya kwanza ni kukubali na kunyamaza. Sitakudanganya kwamba kila anayefanya hivyo hukamatwa. Wapo waliopita, na ndio kaka anaowasikia. Lakini bandari ya Dar es Salaam ina mashine za kupiga picha makontena, na luninga 14 za aina moja zilizopangwa kwenye maboksi hazifanani na vyombo vya familia ya watu wanne. Kifungu cha 203 cha sheria ile kinasema anayetoa tamko la uongo kwa forodha anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini hadi dola 10,000 za Marekani, na vitu vyenyewe vinaweza kutaifishwa. Angalia hapo nani anapoteza nini. Kaka anapoteza mzigo alioununua kwa hela ambayo pengine ameikopa. Wewe unaingia kwenye kazi mpya, ya kulea wauguzi wadogo, ukiwa na kesi, na barua ya mwajiri wako ikiwa miongoni mwa karatasi ulizotumia kuombea msamaha. Leseni ya muuguzi nayo inagusana na mambo ya hukumu za jinai, hilo unalijua kuliko mimi. Mumeo alipokuambia ni jina lako litakalosomwa, hakukosea hata kidogo. Tena ukipata matatizo, kaka ambaye aliuza pikipiki yake ili ufike hapo atajilaumu maisha yake yote. Sidhani kama hilo amelipima.

Njia ya pili ni kuupakia mzigo wa kaka lakini kuutamka waziwazi kuwa ni wa biashara, ulipiwe ushuru. Inasikika kama suluhu ya wote, na inawezekana, ila ina vikwazo vyake. Kama hati ya shehena ya meli ina jina lako peke yako, mbele ya forodha mwagizaji wa luninga hizo ni wewe. Ushuru unadaiwa kwako. Ikiwa kaka hana hela siku hiyo, kontena zima linakaa, na vyombo vyako vikiwemo. Siku za bure za bandari, au za bandari kavu litakakopelekwa, zikiisha, tozo za hifadhi zinahesabiwa kila siku, na mwenye meli naye anadai kontena lake. Nimeona familia zikigombana kwa tozo za hifadhi kuliko zilivyogombana kwa urithi. Ukiifuata njia hii, hela ya ushuru iwe mkononi kabla ya kupakia, na wakala wa forodha aeleze kwa maandishi jinsi mizigo ya wamiliki wawili itakavyotamkwa kila mmoja kwa jina lake.

Njia ya tatu ni mzigo wa kaka kusafiri bila wewe. Zipo kampuni huko Uingereza zinazokusanya mizigo ya watu mbalimbali kwenye kontena moja kwenda Dar es Salaam, kila mtu na karatasi zake. Kaka anaagiza kwa jina lake, kwa namba yake ya mlipa kodi, analipa anachodaiwa. Wewe unaweza kumsaidia kwa mambo ambayo yeye yuko mbali nayo: kwenda Birmingham kuzikagua hizo luninga, kuhakikisha muuzaji ni wa kweli, kusimamia upakiaji. Huo ni msaada mkubwa kwa mfanyabiashara aliye Morogoro, na hauna uongo ndani yake. Hatari yake ni kwamba kaka akiweka ushuru kwenye hesabu, anaweza kugundua biashara hiyo hailipi kabisa. Pengine ni afadhali aligundue hilo sasa kabla hajatoa hela. Luninga ambayo faida yake yote ni ushuru uliokwepwa, itamsaidia mara moja tu; kontena la kuhamia halirudiwi kila mwaka.

Kuna na njia ya nne, nayo inanileta kwenye lile unaloliogopa zaidi, la kuonekana huna shukrani. Kaka anahitaji luninga, au anahitaji benki isiichukue nyumba? Maana kama ni nyumba, mazungumzo ni mengine. Labda mnaweza kumchangia sehemu ya marejesho, wewe na mumeo, kwa kiasi mtakachokipanga wawili na kwa muda mliokubaliana. Labda unaweza kwenda naye benki ukifika, mkaomba mkopo upangwe upya. Nasema labda, kwa sababu mshahara wako unapungua zaidi ya nusu na huku una watoto wa kuhamisha shule. Ukiahidi usichokiweza, ndani ya mwaka mmoja mtakuwa mmerudi palepale. Na fedha ikishatoka mara moja, ndugu wengine nao watauliza kwa nini kaka tu. Lizungumzeni hilo ninyi wawili kabla ya kulifikisha kwa yeyote.

Hapo kwa mumeo nisimame kidogo. Wengi wakiwa kwenye hali kama yako husema, "Mimi ningekubali, ila baba watoto amekataa." Inaokoa siku, lakini inamtwisha yeye lawama ya ukoo mzima, na mwezi Agosti atakapofika Dodoma atapokelewa nayo. Kama jibu litakuwa hapana, liwe la kwako, kwa mdomo wako. Kimya chake mimi nakisoma kama hofu. Pengine anaogopa kwamba mkirudi nyumbani atakuwa mtu wa pili kila ndugu zako wakisema neno. Muulize.

Kuhusu mama: maneno yake yanachoma kwa sababu ni ya kweli. Kaka alikubeba. Lakini mama ameambiwa habari ya maboksi, hajaambiwa habari ya tamko la uongo wala kifungo. Je, angekuambia vilevile kama angejua? Huenda ndiyo, simjui. Ila mpe nafasi ya kulijua jambo lote. Na wazee wetu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mama amengoja miaka 11 kupona huko. Msemo huo una uzito kwa kila anayerudi kutoka ughaibuni, na unastahili kuandaliwa kitu: blanketi la mama, viatu vya watoto wa kaka, zawadi ya wifi. Zawadi chache za namna hiyo ziorodheshe kama zawadi, tena ni heri uzibebe kwenye ndege kwenye mabegi yako.

Sasa hayo uliyoyaita madogo. Si madogo, mwanangu, na yanaungana na la kaka kuliko unavyofikiri.

Friji na makochi yaliyo kwenye maboksi hayajawahi kutumika nyumbani kwako Leicester. Sheria inasamehe vilivyokuwa vikitumika kule ulikotoka. Kwa vitu vya nyumbani haikutaja idadi ya miezi kama ilivyotaja kwa gari, lakini inamwachia afisa aridhike, na makochi yenye nailoni hayamridhishi mtu. Unaweza kuyafungua leo mkayakalia, mkauza yale ya zamani. Unaweza kuyaandika kwenye orodha kuwa ni mapya, na risiti zake, ukawa tayari kulipia. Au unaweza kuyarudisha dukani ukanunua makochi ya fundi wa Dodoma, na mimi moyo wangu uko hapo kidogo, maana makochi hula nafasi ya kontena kuliko vitu vyote na mafundi wetu wanajua kazi. Nakugusia hili kwa sababu kaka akija kujua kwamba kwako umefumba macho na kwake umeyafumbua, hutakuwa na la kumwambia.

Habari njema ni kwamba umeme wa Uingereza na wa kwetu unafanana, volti 230, na soketi ni zilezile za pini tatu bapa. Friji, pasi na mashine ya kufulia mnayoitumia sasa vitafanya kazi Dodoma bila kibadilishaji. Anayehama kutoka Marekani hana bahati hiyo.

Gari lina masharti yake. Anayesamehewa lazima awe amelimiliki yeye mwenyewe na kulitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi, siku za baharini hazihesabiwi. Gari lenu limeandikishwa kwa mumeo, na hata lingekuwa lako, Aprili halijatimiza mwaka. Kwa hiyo kwenye msamaha wako halina nafasi. Lakini mumeo naye anahama. Akiendelea kulitumia huko mpaka miezi 12 itimie mwezi Agosti ndipo likabidhiwe melini, yeye akifika anaweza kuliombea msamaha kwa jina lake kama mkaazi anayerejea. Mkilipeleka bandarini Julai kwa haraka ya likizo, mtakuwa mmekosa miezi 12 kwa wiki chache tu. Na mkopo lazima uishe kwanza. Kwa mikopo mingi ya magari huko, gari ni la mkopeshaji mpaka senti ya mwisho, na kulitoa nchini bila ruhusa yake ni kosa jingine tena. Pigeni hesabu kama kulimaliza deni lote kwa mkupuo kunawafaa, au mliuze huko mnunue jingine hapa.

Tarehe nazo zitazame upya. Mizigo isiyofuatana na msafiri inatakiwa iingie ndani ya siku 90 tangu afike, na Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, mradi usizidi siku 360 tangu afike. Kontena likitangulia kabla hujafika, litakaa likikusubiri na tozo zikienda. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikawa ndefu. Mimi ningependa kuona kontena likiondoka karibu na siku unayoondoka wewe. Na ujue kwamba msamaha wa ushuru haufuti gharama za bandari, za wakala, wala za lori kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Muulize mwajiri kama fungu lake linafika mpaka mlangoni.

Orodha yenyewe iandike chumba kwa chumba, kila boksi na namba yake, kilichomo na umri wake. Usiandike "vitu mbalimbali". Weka pamoja pasipoti yako yenye mihuri, mkataba wa kazi, na ushahidi wa makazi yako ya Leicester, kama bili na mkataba wa nyumba, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyomwonyesha afisa kwamba kweli unahama. Kisha mtumie wakala wa forodha wa Dar es Salaam nakala kabla hujasaini chochote, aipitie na akuambie kila kodi moja moja inakaaje. Ukikuta wakala anayekuambia "usijali, nitaongea nao", tafuta mwingine.

Lakini kabla ya wakala, kuna simu ya kaka. Mpigie siku ambayo amefunga duka, wewe na yeye tu, nje ya lile kundi la familia. Anza na nyumba na benki, umsikilize mpaka amalize, kwa sababu nadhani hakuna aliyemuuliza. Mwambie unayoyakumbuka, chuo alichokiacha na pikipiki aliyoiuza. Kisha msomee masharti kama yalivyo, na hesabu ya ile 475,000, umuulize yeye mwenyewe angependa mdogo wake asaini nini. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kusema, "Mbona hukuniambia mapema kwamba iko hivyo?" Watu waliolea wadogo zao mara nyingi husema hilo la pili, ingawa siwezi kukuahidi.

Akinuna, mwache anune. Wewe unakuja kuishi, na kutoka Dodoma hadi Morogoro ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Utakuwa na muda wa kwenda kukaa dukani kwake.